Shima Uta: sikilizeni pale katikati

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Karibuni tena kwenye chaneli yetu, naongea nanyi kutoka Osaka, Japani. Leo ni tarehe 23 Juni, na sikutaka siku hii ipite bila kuwasha kamera. Hapa Osaka watu wako kazini kama kawaida, treni zimejaa, maduka yamefunguliwa. Lakini kule Okinawa, mkoa wa visiwa vya kusini, leo ni mapumziko. Saa sita kamili mchana watu wanasimama kimya dakika moja kuwakumbuka waliokufa kwenye vita vya mwaka 1945, Wamarekani walipopigana na jeshi la Japani visiwani humo mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili.

Mtaa ninaokaa unaitwa Taisho. Familia nyingi hapa asili yao ni Okinawa, babu zao walikuja kutafuta kazi za viwandani. Ndiyo maana ukipita jioni unasikia sanshin inapigwa dirishani, ala ya nyuzi tatu, shingo ndefu, tumbo lake limewambwa ngozi ya chatu. Na ukikaa mgahawani muda wa kutosha, lazima ufike wimbo ninaotaka kuuzungumzia leo. Mmekuwa mkiniuliza Wajapani wanasikiliza nini zaidi ya nyimbo za katuni. Basi leo nawapa huu mmoja tu, nao ni "Shima Uta", yaani wimbo wa kisiwani, wa bendi ya roki iitwayo The Boom.

Usuli wa bendi nitaupitia haraka. Walikusanyika mwaka 1986, wakawa wanapiga barabarani Harajuku, Tokyo, siku za Jumapili mtaa ulipokuwa ukifungwa magari yasipite. Mwaka 1989 wakatoa kazi yao ya kwanza. Walipenda ska na rege, miziki ya Jamaika. Mwimbaji na mtunzi wao, Kazufumi Miyazawa, kwao ni Kofu, mkoa wa Yamanashi. Hilo la Yamanashi lishikeni, kwa sababu ni mkoa wa milimani usio na bahari hata kidogo. Huyu hakuzaliwa kisiwani. Si Mwokinawa. Muziki wa Okinawa aliupata kwenye kanda za kaseti, akaupenda, akaanza kusafiri kwenda huko.

Majira ya baridi ya mwaka 1991 akaingia kwenye Jumba la Makumbusho ya Amani la Himeyuri, mjini Itoman, kusini mwa kisiwa kikuu. Himeyuri walikuwa wasichana wa shule. Machi 1945 jeshi la Japani liliwachukua wanafunzi 222 na walimu wao 18, likawapeleka kuuguza majeruhi kwenye hospitali ya kijeshi. Hospitali yenyewe ilikuwa mahandaki yaliyochimbwa kilimani. Wasichana wa miaka kumi na mitano, kumi na saba, wanabeba maji, wanazika maiti, wanashika miguu ya askari inapokatwa. Tarehe 18 Juni, Wamarekani wamekwisha kukaribia kabisa, wakaambiwa kikosi kimevunjwa, kila mmoja ajitegemee. Watoke kwenye mapango waende wapi? Nje mabomu yanamiminika. Kati ya wale 240, waliokufa ni 136, na wengi wao walikufa siku zile baada ya kuambiwa watawanyike.

Miyazawa alikutana pale na mama mmoja aliyenusurika, akamsimulia aliyoyaona. Kijana wa watu ana miaka ishirini na mitano, amesoma shule za Japani mpaka mwisho, na hayo hakuwa ameyajua. Ameeleza mwenyewe kwamba aliona hasira na aibu. Alipotoka nje akakuta mashamba ya miwa yanayumba kwa upepo, kimya, kama vile hapajatokea kitu. Akaamua kutunga wimbo ambao angependa yule mama ausikie.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe. Ukiusikiliza mara ya kwanza unasema huu ni wimbo wa mapenzi wa ufukweni. Maua yanachanua, upepo unakuja, watu wawili wanakutana kwenye miwa, wanaagana kwenye miwa, halafu kibwagizo kinamwomba upepo ubebe wimbo uvuke bahari. Hapa Japani watu wanauimba kwenye karaoke wakiwa na bia mkononi, wanapiga makofi. Siwalaumu, kwa sababu sauti yake inakubeba. Lakini nyinyi watu wa pwani mmekulia kwenye mafumbo ya taarabu, mnajua kwamba wimbo wa mapenzi unaweza kuwa na jambo jingine kabisa ndani yake. Huu ni wa namna hiyo.

Ua linalotajwa mwanzoni ni la mti unaoitwa deigo, ua la mkoa wa Okinawa, jekundu kama moto. Mti huo una asili mpaka kwenye pwani za Afrika Mashariki, na ni ndugu wa mwamba-ngoma wetu wa bara, ule Wakikuyu wanaouita muhuti. Wazee wa Okinawa wanasema mwaka ambao deigo inachanua sana, vimbunga huwa vingi. Na deigo huanza kuchanua mwezi Machi, Aprili. Wamarekani waliteremka kwenye kisiwa kikuu cha Okinawa tarehe 1 Aprili 1945. Basi mtunzi anaposema maua yamechanua, dhoruba imekuja, mwenye kujua ameshajua dhoruba ni ipi. Maua yanayopukutika ni watu. Vita vile viliua zaidi ya watu 200,000 kwa miezi mitatu hivi, na kwa wenyeji wa Okinawa kadirio linalotajwa siku zote ni kwamba karibu mmoja kati ya kila wanne alikufa. Hao ni raia, wenye mashamba yao na watoto wao.

Halafu inakuja ile sehemu ya katikati, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikae mbele ya kamera.

Muziki wa asili wa Okinawa una ngazi yake ya sauti. Chukua do, re, mi, fa, so, la, ti, ondoa re, ondoa la. Zinabaki tano: do, mi, fa, so, ti. Jaribuni hata kwenye kinanda cha simu. Mkizipiga hizo tano kwa mpangilio wowote, inatoka Okinawa, hata kama hamjawahi kuisikia. Wimbo mzima umejengwa juu ya ngazi hiyo, na ndiyo ladha yake. Isipokuwa mistari miwili. Ile ya kukutana kwenye msitu wa miwa, kisha kuagana milele chini ya miwa. Hapo ngazi ya Okinawa inaondoka. Miyazawa anaimba kwa ngazi ya kawaida ya Japani bara, re na la zimerudi, kisha kibwagizo kinapoingia Okinawa inarejea.

Kwa nini? Chini ya miwa kuna mapango ya mawe ya chokaa, wanayaita gama. Humo raia walijificha pamoja na askari wa Japani. Walikuwa wameaminishwa kwamba Mmarekani akiwakamata atawatesa, na kwamba kujisalimisha ni aibu. Wengine walipewa mabomu ya mkono wajimalize. Familia ziliuana zenyewe mle ndani, baba na mama na watoto. Mle ndimo marafiki wawili wa wimbo huu wanapoagana. Na Miyazawa ameeleza kwamba kwa mistari ile hakuweza kutumia sauti za Okinawa, kwa sababu waliowasukuma Waokinawa kwenye vifo vile walikuwa Wajapani wa bara. Watu wake yeye. Hivyo akaiimba kwa sauti za kwao.

Ndugu zangu, mimi nimeyasikiliza maelezo mengi ya watunzi kuhusu nyimbo zao, lakini hili linanigusa kuliko yote. Mgeni anayependa muziki wa watu wengine huwa na hamu ya kuonyesha kwamba ameuweza, ameiva. Huyu aliuweza, kisha akafika mahali pa uchungu mkubwa kuliko wote, akaona hapa sina ruhusa ya kuvaa nguo ya mwenye msiba, mimi natoka upande uliosababisha. Na hakutangaza. Wimbo umetoka, umepigwa redioni, mamilioni wameuimba bila kujua, na ile alama imo ndani tu, katika noti mbili. Nauona huo kuwa uungwana wa hali ya juu.

Wimbo ulikuwa kwanza kwenye albamu yao ya Januari 1992. Desemba mwaka huo wakatoa singo yenye maneno ya Kiokinawa, ikapendwa kule visiwani kwenyewe. Toleo la Kijapani likatoka nchi nzima tarehe 21 Juni 1993, siku mbili kabla ya siku kama ya leo, likauza zaidi ya nakala milioni moja na nusu. Mwisho wa mwaka huo wakaitwa kuimba kwenye Kohaku, lile onyesho la televisheni la mkesha wa mwaka mpya ambalo Wajapani hulitazama familia nzima.

Hilo toleo la Kiokinawa lina uzito wake. Okinawa ilikuwa ufalme, Ufalme wa Ryukyu, mpaka Japani ilipoutwaa mwaka 1879. Baada ya hapo mtoto aliyeteleza akazungumza lugha ya kwao shuleni alivishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amkamate mwenzake. Watazamaji wangu wa Kenya hapa hamhitaji maelezo, wazazi wenu wamekivaa kibao hicho hicho kwa kusema Kikamba au Kiluo. Baada ya vita Marekani ikakitawala kisiwa mpaka mwaka 1972, na mpaka leo takriban asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini Japani liko Okinawa, mkoa ambao hata asilimia moja ya ardhi ya nchi haufiki. Kwa hali hiyo bendi ya Tokyo inapokuja na wimbo wa kisiwani na kuuza milioni na nusu, si kila mtu atapiga makofi.

Na kweli hawakupiga wote. Kuna wenyeji waliosema huyu ametuchukulia chetu. Hapa Taisho kuna bibi mmoja, anatengeneza sata andagi, maandazi ya mviringo ya kwao, nilimuuliza kuhusu wimbo huu. Akaniambia ni mzuri, wajukuu wake wanaupenda, ila yeye nyimbo za kisiwani anazozijua ni zile mama yake alizokuwa akiimba, na hazikuwa na gitaa. Sikubishana naye, ana haki yake. Ila mimi binafsi naupima wimbo kwa alichofanya mtunzi baada ya pesa kuingia.

Sikilizeni. Wimbo huu ulifanya vijana wa Japani nzima watake sanshin. Shingo ya sanshin nzuri hutengenezwa kwa mti mweusi mgumu uitwao kuruchi, aina ya mpingo wa kwao, nao hukua polepole mno, vizazi kwa vizazi. Vita viliunguza misitu, na mti wa kutengenezea ukawa wa kutafutwa nchi za nje. Miyazawa akaliona hilo kama deni. Akaungana na watu wa Yomitan, kijiji ambacho Wamarekani waliteremkia mwaka 1945, wakaanza kupanda miche ya kuruchi. Mpango wenyewe wameuita wa miaka 100. Kila mwaka wanarudi kupalilia. Hakuna hata mmoja kati ya waliopanda atakayepiga sanshin ya miti ile.

Hapo ndipo nilipowakumbuka watu wa Kilwa. Mpingo wetu unakwenda Ulaya na huku Japani kutengenezewa klarineti, na Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao ya mpingo vyenyewe na kupata fedha humo. Natamani sana mwanamuziki mkubwa wa kwetu, au hata wapiga klarineti wa okestra za Tokyo, waende wakapalilie mpingo Kilwa. Kama kuna mtu wa Kilwa ananitazama, niandikie hapo chini hali ya miti ikoje sasa.

Kabla sijasahau, Argentina. Mwaka 2001 msanii na mchekeshaji wa huko, Alfredo Casero, aliurekodi "Shima Uta" kwa Kijapani, neno kwa neno, ukawa maarufu nchini kwao. Wajapani wengi waliohamia Argentina asili yao ni Okinawa, kwa hiyo wimbo ulikuta ndugu zake. Kombe la Dunia la 2002 lilipochezwa Japani na Korea Kusini, mashabiki wa Argentina wakaja nao. Timu ilitolewa hatua ya makundi, wimbo ukabaki.

The Boom walivunja kundi mwaka 2014, wakaagana na mashabiki ukumbi wa Nippon Budokan. Miyazawa anaendelea kuimba.

Sasa kazi yenu. Utafuteni wimbo, toleo la mwaka 1993, na mvae spika za masikioni, msisikilize kwa spika ya simu. Acheni upite mara moja mzima. Mara ya pili, baada ya beti mbili za mwanzo, kabla kibwagizo hakijaingia, mtasikia sauti inabadilika, kama vile amehama nchi kwa mistari miwili. Niandikieni ni dakika ya ngapi na sekunde ya ngapi mmeisikia. Wapiga kinanda wa kwaya na wa taarabu nawategemea zaidi, nyie mtaikamata kabla ya wote. Mimi saa sita inakaribia, nazima kamera nikasimame na majirani.