Barabara Zisizokutana: Nakuru Inavyotanuka

Wakazi wenzangu wa Nakuru, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Pale katikati ya mji, barabara zinakatana. Kenyatta Avenue ikijaa magari, unakata kona na kupita kwingine. Lakini mji umetanuka kutoka hapo. Kaskazini tuna mlima wa Menengai, kusini ziwa na mbuga yake, kwa hiyo tumejinyoosha kando ya barabara kuu, Lanet upande huu, Ngata upande ule.

Na tumejinyoosha vipi? Shamba moja moja. Mwenye shamba anamwita mpima ardhi, wanakata ploti za futi 50 kwa 100, katikati wanaacha barabara moja inayotoka lami na kuishia kwenye ua wa jirani. Mwaka unaofuata jirani naye anafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyevunja sheria, ila barabara hizo mbili hazikutani kamwe.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kila shamba kati ya hayo mawili lina urefu wa mita 800 kutoka lami. Nyumba mbili zilizopo mwisho wa mashamba hayo zinapeana mgongo, na mama wa huku anasikia redio ya kule. Akitaka kwenda kumjulia hali mgonjwa wa kule, atatembea kilomita 1.6 na zaidi, tena apitie barabara kuu penye malori. Mtoto wa shule hivyo hivyo. Ndiyo maana bodaboda hazipungui na foleni haiishi: kila safari, hata ya kununua maziwa, tumeilazimisha ipite mlango mmoja.

Jambo hili si letu peke yetu. Watafiti Barrington-Leigh na Millard-Ball walionyesha mwaka 2015 kuwa nchini Marekani ujenzi wa mitaa isiyounganika ulifika kilele karibu 1994, kisha ukaanza kupungua. Mwaka 2020 walipopima dunia nzima, waliona miji mingi ikizidi kujenga mitaa isiyounganika. Linalonitia hofu ni hili: nyumba hubomolewa ikajengwa upya, lakini mstari wa barabara ukishaingia kwenye ramani, hudumu vizazi.

Kwa hiyo naiomba kaunti, kabla ya kupitisha mgawanyo wowote, idai barabara ifike mpakani, mkabala na ya jirani. Nanyi mnaonunua ploti, msiulize bei na maji tu. Ulizeni barabara inatokea wapi. Kule ambako nyumba zimeshajaa, majirani wanaweza kuchanga wakanunua kipande chembamba cha kupitia kwa miguu. Upana wa mita 2 unatosha.