Cheti Kimoja, Madirisha Matatu

Mwangaluka, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja.

Leo nazungumzia cheti cha dawa cha kielektroniki, kile daktari anachokiandika kwenye mfumo wa kompyuta, na jinsi kinavyosaidia kuzuia matumizi mabaya ya dawa. Naanza na karatasi. Nikiwa dirisha la dawa, katika hospitali moja ya huku Kanda ya Ziwa, kijana alinipa cheti cha diazepamu, dawa ya kutuliza inayoweza kuzoesha mtu, vidonge 40. Foleni ilifika mlangoni, na nusura nimpe. Nikakiinua kwenye mwanga. Daktari aliandika 10 kwa wino mweusi. Mistari iliyoigeuza ile moja kuwa nne ilikuwa ya bluu. Nyuma kulikuwa na muhuri wa duka jingine, umesuguliwa kwa mate hadi karatasi ikaota manyoya.

Karatasi haina kumbukumbu. Asubuhi inachukua dawa Makoroboi jijini Mwanza, mchana Igoma, jioni inapanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, na kila inapofika ni mpya. Cheti cha kielektroniki kinatoka kwa daktari kikiwa na namba ya mgonjwa, na nikishatoa dawa, kinafungwa. Hakuna wa kuongeza sifuri.

Kwenye pethidini na mofini, dawa kali za maumivu, faida ni kubwa zaidi. Mfumo unaonyesha nani aliagiza, nani alitoa, saa ngapi. Ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) zilizotoka stoo zikizidi zilizoandikiwa wagonjwa, tunajua tuanzie wapi kuuliza. Nalisema wazi: wanaotumia dawa vibaya si wagonjwa peke yao. Sisi tunaoshika funguo za kabati tumo.

Ila mfumo wa hospitali unaishia getini. Dawa ikikosekana kwetu, mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue mtaani, na tumerudi kwa yule kijana. Maduka yasipounganishwa, kazi itabaki nusu.

Kinachoniuma hasa ni nywila. Daktari anafungua mfumo saa 2 asubuhi, na mpaka jioni wodi nzima inaandika dawa kwa jina lake. Nimeiona nywila imebandikwa kwa plasta pembeni ya skrini! Hapo kumbukumbu inamtaja mtu ambaye hata hakuwepo. Nawasihi, ukiinuka kitini, toka kwenye mfumo, hata kama unafuata chai tu.

Na umeme ukikatika? Daftari la dharura, kurasa zina namba, linakaa kwa mfamasia wa zamu. Umeme ukirudi, kila mstari unaingizwa siku hiyohiyo.

Dada pale nyuma alinyoosha mkono mapema. Karibu, uliza.