Tanga na Swali la Aiskrimu

Assalaam alaikum, wazee wangu, walimu na wanafunzi. Tumsifu Yesu Kristo.

Mtu wa Tanga akiulizwa mji wake una nini, hataji machache. Atakupeleka mapango ya Amboni. Atakwambia Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapo jirani tu. Atakuonyesha Tongoni, kusini mwa mji, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyokuwapo kabla Vasco da Gama hajapita mwambao huu. Mwaka 1499 aliiteketeza merikebu yake moja karibu na hapo. Yote hayo ni kweli, nami najivunia kila moja.

Lakini leo nataka nimsemee Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi mle ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakafungua. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mji huu unapoingia. Baadaye Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini. Huyo akamwambia kwamba yeye huweka maziwa yakiwa moto ili yagande upesi, na wauzaji wenzake hufanya vivyo hivyo. Wauza aiskrimu wa mitaa yetu, jamaa zangu! Walilijua jambo hilo kwa mikono yao, wakalitumia kutafutia riziki, wala hapana aliyewaandika majina.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Siku moja Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alifika shuleni kuzungumza. Kijana akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100 yakiwekwa kugandishwa, mbona ya nyuzi 100 hutangulia? Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni aliagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya sababu yake, na wapo wanaotilia shaka iwapo hutokea kweli. Wote hulitaja kwa jina la Mpemba.

Inanichoma kumkuta mtoto wa Chumbageni au Ngamiani anamjua Newton na tunda lake, na huyu wa Magamba hajapata kumsikia.

Walimu wa fizikia mliopo, nina ombi. Muhula huu tafuteni maziwa, sukari, kipimajoto na vyombo viwili vilivyo sawa. Waacheni watoto wapime wenyewe, waandike walichokiona, hata kikipingana na jina hilo kubwa. Kisha waiteni wauza aiskrimu wa hapa mjini, waulizwe wao hufanyaje.