Jinsi ya Kukagua Kisanamu cha Fauno wa Pompeii Kabla ya Kukinunua

Watazamaji, kisanamu mnachokiona mezani ni nakala ndogo ya Fauno Anayecheza, sanamu ya bronzi ya fauno, yaani kiumbe wa misituni katika hadithi za Warumi, iliyofukuliwa mwaka 1830 huko Pompeii, mji wa kale wa Kirumi uliofukiwa na volkeno, katika nyumba ambayo tangu hapo huitwa kwa jina lake. Sanamu ya asili, yenye urefu wa sentimita 71 hivi, imo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Napoli. Wasafiri waliofika mji huo katika karne ya 19 walitaka ukumbusho wa kurudi nao nyumbani, na viwanda vya kusubu sanamu, yaani kuzitengeneza kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu, kama kile cha Chiurazzi kilichoanzishwa mwaka 1870, viliwauzia nakala za ukubwa mbalimbali.

Hatua ya kwanza, kabla hata ya kumtazama fauno usoni, ni kukipindua kisanamu. Ndani ya kitako mafundi hawakupaka rangi kwa uangalifu, kwa hiyo huko ndiko madini yenyewe huonekana. Mkiruhusiwa na muuzaji, kwaruzeni hapo kidogo sana kwa ncha ya sindano: bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, itang'aa kwa rangi inayokaribia dhahabu, ilhali zinki itaonyesha weupe wa kijivu. Zinki ilipendwa na watengenezaji wa bei nafuu kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 tu, kisha ikapakwa rangi ifanane na bronzi. Sumaku haitawasaidia kuzitenganisha, kwa kuwa hainasi kwenye bronzi wala kwenye zinki.

Sasa shikeni kioo cha kukuzia, mtazame vidole, nywele na vijipembe vya kichwani. Fundi hodari alivichonga upya kwa patasi baada ya kusubu, na alama za patasi hiyo bado ni kali. Mahali ambapo nywele zimekuwa kama tope laini, huenda kalibu ilitolewa kwenye nakala nyingine. Nakala ya namna hiyo huwa fupi kidogo pia, kwa sababu madini husinyaa yakipoa. Mimi huamini vidole hivi kuliko jina la kiwanda lililogongwa kwenye kitako, maana jina ni rahisi kuongezwa baadaye.

Rangi ya kijani isiwashawishi. Mafundi wa Napoli waliitengeneza kwa dawa ili ifanane na vitu vilivyotoka ardhini Pompeii, kama walivyotengeneza rangi ya giza kuiga bronzi za Herculaneum, mji jirani uliofukiwa pamoja na Pompeii. Hata hivyo, utando huo ni sehemu ya kazi yao, na ninawasihi msiusugue kwa dawa ya kung'arishia shaba, kwa kuwa ukiondoka haurudi. Pangusieni vumbi kwa brashi laini na kavu. Mkiona unga mwepesi wa kijani kibichi unaodondoka ukiguswa, hiyo ni kutu ya kloridi inayokula bronzi. Kitengeni kisanamu hicho mahali pakavu, mbali na vingine, kisha mpelekeeni mhifadhi wa madini.