Stelingi Iliyolegea na Huduma ya Shokapu za Mbele za Pikipiki

Ndugu mafundi, wanafunzi wa ufundi na madereva wa bodaboda mliohudhuria,

Leo nitazungumzia shingo ya pikipiki, yaani pale stelingi inapopita katika fremu, pamoja na shokapu za mbele. Hoja yangu ni kwamba stelingi iliyolegea na stelingi iliyochakaa ni maradhi mawili, na spana hutibu lile la kwanza tu. Fundi anayekaza nati bila kujua ni lipi analolikabili humrudisha mteja barabarani na hatari mpya mahali pa ile ya zamani.

Katika pikipiki nyingi za biashara hapa Afrika Mashariki, zikiwemo zile za Kichina zilizofuata usanifu wa Honda CG125 ya mwaka 1976, stelingi huzunguka juu ya gololi zilizopangwa kati ya vikombe, yaani pete za chuma zinazoshika gololi, seti moja juu na nyingine chini. Seti ya chini ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya mapigo ya mashimo na matuta. Kwa kuwa dereva hutumia muda mwingi akielekea mbele moja kwa moja, gololi hugonga mahali palepale na mwisho huchimba vishimo vidogo katika uso wa kikombe. Mtikisiko nao husukuma grisi pembeni, na maji ya mashine ya presha yakielekezwa shingoni humaliza kazi iliyobaki.

Uchunguzi huanza kwa kuinua gurudumu la mbele. Pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, msaidizi akalie nyuma. Nawe shika shokapu karibu na ekseli, uzivute na kuzisukuma, huku kidole cha mwenzako mwingine kikiwa kwenye mwanya wa kikombe cha chini na fremu. Mchezo, yaani kuchezacheza kwa sehemu iliyolegea, ukisikika hapo, shingo imelegea. Usipohisiwa hapo ilhali mlio wa kugonga upo, kagua beringi za rimu na uchakavu ndani ya shokapu zenyewe, kwa sababu dereva husikia mlio uleule anapofunga breki ya mbele. Kisha geuza mikono ya stelingi polepole kwa vidole viwili kutoka upande hadi upande. Ikinasa katikati, kana kwamba inajitafutia mahali pa kukaa, vikombe vimekwisha, na hakuna ukazaji utakaovirekebisha. Ukikaza, mchezo utapotea, lakini pikipiki itayumba barabarani, maana dereva hataweza kufanya yale masahihisho madogo ya mwelekeo ambayo mikono yake hufanya bila yeye kufikiri.

Ikiwa vikombe ni vizima, legeza nati kubwa ya juu na bolti zinazobana shokapu kwenye bamba la juu, kisha kaza nati ya duara, ile inayobana gololi, kwa spana ya ndoano. Nasisitiza spana ya ndoano, kwa sababu tindo na nyundo huharibu meno ya nati na kumnyima fundi hisia ya ukazaji. Kaza kiasi ili gololi zikae, zungusha mikono mara kadhaa, legeza, kisha kaza tena taratibu mpaka mchezo uishe tu. Funga nati ya juu na upime upya, kwa kuwa nati hiyo nayo huongeza mkazo.

Vikombe vilivyochimbika hubadilishwa vyote pamoja na gololi zake. Hutolewa kwa fimbo ya chuma inayopitishwa upande wa pili wa shingo, ukigonga kushoto na kulia kwa zamu. Vipya huingizwa vikiwa vimenyooka, na mlio wa nyundo hubadilika kikombe kinapofika mwisho. Hesabu gololi unapozitoa, maana moja ikidondoka chini ya benchi seti haitakuwa kamili.

Kwa kuwa shokapu zimekwisha kufunguliwa ili kuvifikia vikombe, si busara kuzirudisha bila huduma. Oili iliyochoka haizuii tena springi kurukaruka, na mapigo ambayo ingeyapunguza hupanda moja kwa moja hadi kwenye vikombe vipya. Fungua kizibo cha juu kwa uangalifu, kwani springi inakisukuma. Mwaga oili, kisha pampu bomba la shokapu mpaka ile nyeusi iishe. Kabla ya kuweka sili mpya, yaani mpira unaozuia oili kuvuja, pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa. Ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, lainisha kwa msasa mwembamba sana, la sivyo sili hiyo itavuja upesi na oili itashuka hadi kwenye breki. Bomba lililopinda liviringishe juu ya kioo bapa, utaona mwanga ukipita chini yake. Sili ipakwe oili na ipitishwe juu ya kipande cha mfuko wa plastiki, ili ukingo wa bomba usiikate.

Kuhusu oili sina simile. Oili ya injini iliyotumika, ambayo baadhi yetu huimimina humo, imebeba masizi na vumbi la chuma. Tumieni oili ya shokapu, ambayo kwa pikipiki nyingi ndogo ni ya uzito wa 10W, kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji na kwa usawa kabisa pande zote mbili.

Wakati wa kufunga, rudisha gurudumu, shusha pikipiki na ubonyeze mikono mara kadhaa kabla ya kukaza kabisa ekseli na bolti zinazobana shokapu, ili mabomba yajipange sambamba. Baada ya kilomita mia chache vikombe vipya huwa vimekaa, na hapo mteja arudi ili mchezo upimwe tena na nati ya duara iguswe kidogo ikihitajika.