Mbuzi kazaa, tanki limejaa: habari njema za kumtumia aliye ughaibuni

Haya wapendwa wa nyumbani. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo siwaoneshi mtaa wala bei za sokoni huku Uingereza. Nimekaa hapa kitini, tuongee habari za simu.

Simu ya mtu wa huku ikilia saa tisa usiku na namba inaanza na 255, kabla hajaishika ameshajiuliza: nani amefariki? Kumbe mpigaji kaamka saa kumi na mbili asubuhi, kanywa chai yake, anataka kusema mbuzi kazaa mapacha. Habari tamu kabisa, lakini imeingilia mlango wa msiba.

Ombi langu kwenu ni kwamba habari ndogo ndogo nzuri mzitume zaidi ya mnavyozituma sasa, na mzitume vizuri. Wengi mnazibania. Mnasema, "Aa, huyu yuko Ulaya, nikimwambia tanki la maji limejaa si atanicheka?" Hakucheki. Misiba, ada na dawa zinamfikia zenyewe, hazina haja ya kuhimizwa. Kitu kisichomfikia ni hilo tanki.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Kosa kubwa kuliko yote ni ule wa "Mambo. Upo?" halafu kimya. Aliye zamuni anauona juu ya skrini, hawezi kufungua simu mpaka mapumziko, anashinda na hilo "upo" kichwani. Habari iwe kwenye maneno ya mwanzo kabisa, isomeke hata kabla ujumbe haujafunguliwa: "Habari njema: umeme umewaka." Salamu zifuate nyuma. Najua tumelelewa salamu kwanza, na mkikutana barazani ndivyo inavyotakiwa. Kwenye simu ya mtu aliye mbali, geuza.

Sasa, maandishi, video au voisi? Mimi ni mtu wa voisi. Dakika moja ya voisi ya WhatsApp haifiki hata MB moja, wakati dakika ya video inakula MB kadhaa, na bando mnalijua wenyewe. Halafu voisi inabeba sauti ya nyumbani, jogoo na mlio wa kuni na yule mtoto anayelilia uji. Ila voisi kwa nje haisomeki, inaonesha urefu wake tu, kwa hiyo tanguliza mstari mmoja wa maandishi. Ukibonyeza maikrofoni, vuta kidole juu, kikufuli kitajifunga na utaweza kuachia. Wengi voisi zao zinakatika katikati kwa sababu kidole kimeteleza. Simu iwe umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, na upe upepo mgongo. Ukiongea huku unatembea juani kwenye upepo wa kusi, tunasikia "fuuu" tu. Urefu? Sekunde arobaini mpaka sitini. Ikizidi dakika tatu, mtu anaiweka kiporo, na kiporo cha voisi hakipashwi moto.

Ndani yake weka vitu vitatu: kilichotokea, kipimo kimoja, na jambo moja la kuonekana au kusikika. Kipimo ndicho kinachosahaulika. Ukisema "kuku wanaendelea vizuri", hapo hujasema kitu. Sema: "Trei la kwanza la mayai 30 limejaa leo, kuku ni wale wale 12, na yule mwekundu bado anatagia chini ya kitanda." Mtu kakaa kwenye basi huku Leeds, anamwona kuku.

Matokeo ya kidato cha nne ni mfano mwingine. "Amefaulu, Mungu mkubwa" ni nusu ya habari. Taja divisheni na pointi, kwa sababu divisheni two inaanza pointi 18 hadi 21, na aliyepata 18 amekosa one kwa pointi moja tu. Halafu taja lile somo lililokuwa likimsumbua: "Hesabu kapata C, mtihani wa majaribio alikuwa na F." Hapo ndipo ushindi ulipo. Divisheni inamwambia mtu wa huku daraja, ila hiyo C inamweleza usiku ambao kijana alikesha.

Na mbuzi je? Mbuzi ana faida yake, maana mimba yake ni miezi mitano hivi, siku kama 150. Hiyo ni tamthilia tayari. Mwezi wa kwanza unasema amepandishwa, wa tatu unatuma picha ya tumbo, siku ya kuzaa unasema wawili, wote wamesimama, wote wamenyonya dang'a. Usiache hilo la kunyonya. Mtu aliyekulia kijijini anajua kitoto ambacho hakijanyonya dang'a mapema hakijapona bado, kwa hiyo habari bila hiyo sentensi inamwachia wasiwasi.

Sasa tufike kwenye mzinga, yaani kuomba hela. Msinune. Habari njema inayofuatwa na mzinga ni chambo, na samaki akishanasa mara mbili anaijua ndoano. "Dada, nyumba imefika kwenye lenta, tunamshukuru Mungu! Ila sasa bati..." Ukifanya hivyo, mara ya tatu akiona neno "tunamshukuru Mungu" anaanza kukagua salio. Kuomba ukiwa na shida si dhambi, tunaombana miaka yote. Tenganisha tu. Habari ya lenta iende leo ikiwa peke yake, ombi la bati lije baada ya wiki, tena liwe ombi lililonyooka lenye idadi ya bati na bei ya bati moja. Na kwenye habari njema funga na maneno haya: "Sina shida, nimekupa habari tu." Ni maneno matano, na yanashusha mabega ya mtu aliye kilomita elfu kadhaa kutoka hapo ulipo.

Upande wa pili kuna wanaoficha kwa kuogopa kijicho. Siwabishii, husuda ipo. Lakini dawa yake si kuficha kila kitu, ni kuchagua masikio. Stetasi kwa maoni yangu ndiyo sehemu mbovu kuliko zote. Inadumu saa 24, inaonwa na fundi simu, mwenye nyumba na mchumba wa zamani, na aliyelengwa huenda hata asiifungue. Ukilazimika, ingia kwenye faragha ya stetasi, kuna sehemu ya kuwatoa watu fulani na sehemu ya kuchagua wachache tu. Kundi la ukoo nalo lina hali yake ya hewa: kama watu wako kwenye kuchangia matibabu au mazishi, bajaji yako mpya ingoje. Mtumie mtu mmoja mmoja. Na kama habari bado ni mbichi, mimba ya miezi miwili kwa mfano, iseme hivyo hivyo mwanzoni: "Hii ni yako peke yako, mama bado hajajua." Wa huku hawajui nani ameshaambiwa, msipowaambia, watawapongeza mbele ya kundi zima, na hapo lawama mtampa nani?

Sasa geuzeni sahani, maana habari zetu nazo zinapita kwenu. Mwanasaikolojia wa Marekani Shelly Gable na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2004 kuhusu jambo hili hili, kwamba namna msikilizaji anavyoipokea habari njema inaenda sambamba na afya ya uhusiano wenyewe. Wakayagawa mapokezi mafungu manne. Tuyapime kwa mfano wa huku, mtihani wa leseni ya udereva.

Leseni ya Tanzania au ya Kenya inakuruhusu kuendesha huku miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo unaanza upya kama mwanafunzi. Mtihani wa nadharia una maswali 50, unatakiwa upate 43. Halafu kuna vipande 14 vya video, unabonyeza pale hatari inapoanza kujitokeza barabarani, na unatakiwa upate alama 44 kati ya 75. Ukibonyeza ovyo ovyo kubahatisha, kipande kizima kinahesabiwa sifuri. Ukifaulu sehemu moja ukaanguka nyingine, unarudia zote mbili. Dereva wa miaka kumi wa Mbagala anaweza kuanguka hapo, kwa sababu mkono wake hodari hauulizwi kitu.

Sasa mtu kafaulu, kawaandikia. Fungu la kwanza: "Hongera" na vidole gumba vitatu. Si mbaya, lakini mlango umefungwa taratibu. La pili: "Sawa. Huku mvua imekata barabara." Habari yake imezikwa na mvua. La tatu: "Angalia tu, nasikia bima ya huko inaua." Huyu anajiona anamshauri, kumbe amemwagia maji. La nne ndilo la kujifunza: "Weeee! Zile video zilikusumbua? Ulipoona matokeo ulikuwa wapi?" Siri yote ni maswali mawili yanayohusu tukio lenyewe. "Sasa gari utanunua lini?" halimo. Hilo limeruka habari, limekwenda mfukoni.

Kabla hujatuma picha, angalia kilichoandikwa ndani yake. Namba ya leseni ya Uingereza ina tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nayo, imevurugwa kidogo tu. Ukiwa mwanamke, tarakimu ya kwanza ya mwezi inaongezwa 5. Namba ya NIDA haijifichi kabisa: tarakimu 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo mtoto akipata kitambulisho, piga picha ya uso wake anavyocheka akiwa amekishika kigeuziwe nyuma, na hakikisha upande huo nao hauna namba inayosomeka. Usifunike namba kwa ile kalamu ya rangi hafifu ya kwenye simu, ukiongeza mwanga inasomeka. Kata picha. Funguo za nyumba mpya vilevile, shika kwenye ngumi. Meno ya ufunguo yanachongeka kutoka kwenye picha.

Saa ya kutuma. Kwa sisi wa Uingereza, mko mbele saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kisha saa tatu mpaka Machi irudi. Toronto mko mbele saa saba au nane, Minneapolis nane au tisa, Muscat wao wako mbele yenu kwa saa moja. Chukueni saa moja tu muishike: saa mbili usiku ya kwenu. Hapo London ni jioni, Toronto na Minneapolis ni mchana wa kuzunguka adhuhuri, Muscat ni saa tatu usiku na watu hawajalala. Kupiga bila taarifa kuachieni mambo ya dharura, ili simu ya usiku ibaki na maana yake.

Na asipojibu, msimfuate na alama ya kuuliza. Kwenye maghala mengi simu inafungiwa kabatini, na zamu ya kutunza wazee inaweza kuwa saa 12. Tazameni kile kialama cha maikrofoni kwenye voisi yenu: kikigeuka bluu, ameisikiliza. Pengine yuko kwenye basi, watu kimya, na hapo hawezi kupiga vigelegele vya mbuzi kwa Kiswahili. Atawajibu akifika chumbani.