Lisbon kwa Siku Moja, Wawili, Bila Haraka

REHEMA: Karibuni. Leo tunawapangia mume na mke siku moja ya matembezi Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Salim, tuanzie wapi?

SALIM: Tuanzie kwenye vilima, maana ndivyo vinavyoamua siku yenu itakuwaje. Kupanda, tumieni chombo cha usafiri. Kushuka, shukeni kwa miguu. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vikang'aa, na vikipata manyunyu vinateleza vibaya sana. Vaeni viatu vya soli ya mpira, hata mkitaka kupendeza kwenye picha.

REHEMA: Na kabla ya kutoka, kadi ya usafiri. Inaitwa Navegante, inauzwa nusu yuro kwenye mashine za vituo vya metro. Kila mtu na yake. Wawili wakinunua moja wakidhani wataigusisha mara mbili, mmoja anabaki nje ya geti.

SALIM: Mashine itawauliza: tiketi ya saa 24, au zapping? Zapping ni salio la fedha linalokatwa kila mnapopanda. Kwa mpango wetu wa leo chagueni zapping. Tiketi ya kawaida ya saa 24 inahusu mabasi, tramu na metro tu. Treni ya Belém, mtaa wa magharibi mwa mji, haimo, wala kivuko cha mto Tejo. Na kadi haibebi vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mkikosea mwanzoni mtalazimika kununua kadi nyingine.

REHEMA: Asubuhi basi, Belém. Isiwe Jumatatu, maana monasteri ya Jerónimos hufungwa. Tramu namba 15 inafika, ila hujaa hadi mlangoni. Treni kutoka kituo cha Cais do Sodré ni dakika 7 hivi. Tazameni ubao mpande ile ya Oeiras. Zile za haraka za Cascais hupita Belém bila kusimama.

SALIM: Kanisa la Jerónimos lina kaburi la Vasco da Gama, karibu na mlango. Huyu ndiye aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Ujenzi wa monasteri ulianza miaka mitatu baadaye, 1501, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye kodi ya biashara ya Afrika na India. Kwa hiyo mtu wa pwani akisimama pale, asiyaangalie mawe kama mgeni kabisa.

REHEMA: Zipo foleni mbili nje, ya kanisa na ya ua wa ndani wenye matao. Ulizeni kwanza mnasimama ipi. Ua una tiketi, na mkiwahi kabla hapajafunguliwa mnaokoa muda mwingi.

SALIM: Kisha vitumbua vya maziwa na mayai, pastéis.

REHEMA: Hivyo si vitumbua, kaka! Ni vikombe vya unga mwembamba wa tabaka, ndani krimu ya mayai, juu imeungua kidogo. Duka la hapo Belém linaviuza tangu 1837. Foleni ya barazani ni ya wanaobeba tu. Ingieni ndani, vyumba vya kukaa ni vingi. Agizeni viwili viwili, viliwe vya moto, mnyunyize mdalasini. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, popote alipo Ureno: baadhi ya vitafunwa hukandwa kwa mafuta yake.

SALIM: Sasa hapa naomba msiwe na haraka. Kutoka Belém pandeni basi namba 714 kurudi mjini, mshuke Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Nayo hufungwa Jumatatu, na kumbi zake wakati mwingine hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo angalieni tovuti yao siku moja kabla. Ulizeni Custódia de Belém.

REHEMA: Waeleze ni nini.

SALIM: Ni chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, mkate mtakatifu wa Wakatoliki, kimo chake kama sentimita 73. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, wamepakwa rangi za enameli. Mfua dhahabu Gil Vicente alikikamilisha 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Na dhahabu yenyewe ni ya Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na meli za mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Ndiyo iliyoyeyushwa.

REHEMA: Kwa hiyo mzunguke taratibu, mkitazame pande zote. Aliyewahi kukanyaga magofu ya Kilwa Kisiwani atakielewa haraka kuliko kibandiko cha maelezo.

SALIM: Chakula cha mchana: mhudumu ataweka mkate, zeituni na jibini kwenye meza, ambayo kwa Kireno ni *mesa*, tulilichukua kwao neno hilo. Mkivigusa vinahesabiwa kwenye bili. Hamvitaki, mwambieni avirudishe, hatakasirika.

REHEMA: Alasiri, mtaa wa kale wa Alfama. Jina lina asili ya Kiarabu, linahusu chemchemi za moto. Tramu namba 28 ni maarufu, lakini wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Kuna lifti ya bure Rua dos Fanqueiros, kisha nyingine Chão do Loureiro. Mkitoka juu mko chini kidogo ya ngome ya São Jorge. Mtembee hadi Santa Luzia, mahali pa kutazamia mandhari. Ukutani kuna vigae vya buluu vinavyoonyesha uwanja wa mtoni kabla ya tetemeko la 1 Novemba 1755.

SALIM: Halafu mnashuka ngazi tu hadi mtoni. Ramani ya simu hupotea kwenye vichochoro, ila kila njia iteremkayo inaishia majini.

REHEMA: Fuateni ukingo hadi Cais do Sodré, mpande kivuko cha Cacilhas, ng'ambo ya mto, dakika 10 hivi. Juni jua huzama karibu saa tatu usiku. Kwenda kaeni upande wa kulia, jua liko upande wa daraja la 25 de Abril, kurudi, kushoto. Na mkifika Cacilhas guseni tena kadi getini, nauli ya kurudi ni nyingine.